Makali ya Kiatu cha Kulia: Misimu Yangu 3 Nyuma ya Benchi la Hoki ya Barafu

Niliingia kwenye hoki ya barafu kwa sababu ya sindano. Mama yangu ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, na nimekua chini ya meza yake nikiokota pini. Nilipofika Marekani mwaka 2019, baada ya kubahatika kwenye bahati nasibu ya grini kadi, kazi niliyoipata ilikuwa ya udobi: taulo, mashuka, na mara moja kwa wiki magunia ya jezi kutoka uwanja wa barafu wa mjini. Jezi moja ililetwa imechanika kwapani. Sikuagizwa kuishona, lakini mkono ulikataa kuikunja vile ilivyo, nikaishona. Kesho yake yule mzee anayeleta magunia alirudi nayo, akaigeuza ndani nje, akauliza nani kaishika hii.

Alikuwa mtunza vifaa wa timu. Tangu siku ile nikawa namwita Mzee. Nilimweleza maana yake akaipenda, na mpaka leo kuna wachezaji wa Kanada na Minnesota wanaomwita Mzee bila kujua neno hilo limetokea Tanga.

Baadaye nikawa msaidizi wake. Nimeacha kazi hiyo ya vifaa Aprili 2025, na tangu hapo vijana wananiuliza njia ya kuingilia. Wawili wako Nairobi, wamejifunza kuteleza pale Panari, hoteli yenye uwanja wa barafu. Mmoja ni Mkongo, familia yake imehamia Maine. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande kwenye simu, usiku, nikiwa nimechoka. Hapa naweka yote pamoja, na lile nililolificha siku mbili nalo liwemo.

Utotoni, nikienda Mkwakwani kuwaangalia Coastal Union, nilidhani benchi la ufundi ni wale tu wanaokaa pale pembeni, kocha anapiga kelele na daktari anakimbia na begi. Timu niliyoikuta huku ilikuwa ya ngazi ya tatu. Juu kabisa kuna NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, chini yake AHL, kisha ndiyo ECHL, ligi iliyoanzishwa mwaka 1988. Kwenye NHL benchi la ufundi ni kijiji kizima: kuna kocha wa makipa, wa picha za video, wa mazoezi ya nguvu, wakandaji, na watunza vifaa kadhaa. Kwetu walikuwa watu 4. Kocha mkuu ndiye pia aliyetafuta wachezaji na kubishana na mawakala kwa simu mpaka usiku wa manane. Kocha msaidizi ndiye aliyekata picha za video ndani ya basi, kompyuta ikiwa mapajani. Mtabibu wa timu alikuwa mmoja, dada mpole mwenye macho makali. Mzee alikuwa peke yake kwenye vifaa, nami nikaongezwa kumsaidia, kwanza kwa mechi za nyumbani tu. Mtangazaji wetu wa redio ndiye aliyekodi hoteli na kuagiza chakula cha safarini.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Huku timu haipandi daraja, hata ikishinda kila kitu. Anayepanda ni mtu. Mchezaji anaweza kupigiwa simu Jumamosi asubuhi na timu ya AHL, na ikifika saa 6 mchana hayupo. Makocha nao wanapanda kwa njia hiyohiyo. Jared Bednar alitwaa Kombe la Kelly la ECHL mwaka 2009, Kombe la Calder la AHL mwaka 2016, kisha Kombe la Stanley la NHL akiwa na Colorado mwaka 2022, na hakuna kocha msaidizi wa ngazi yetu asiyelijua jina lake. Kwa hiyo kila mtu chumbani anaangalia juu. Hilo si baya, nami niliangalia juu. Ila ujue kwamba unafanya kazi na watu ambao kosa moja dogo, lao au lako, linaweza kuwagharimu simu waliyoisubiri miaka.

Msimu wa kwanza nililipwa dola 80 kwa mechi, na mechi moja ilinila zaidi ya saa 15. Nieleze siku yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mechi ni saa 1 usiku. Sisi tunafungua mlango saa 12 asubuhi. Vifaa vya jana vimening'inizwa mbele ya feni, na kama havijakauka, harufu inakupokea koridoni. Unatandika chumba: kila mchezaji ana kiti chake, na kila kitu kina mahali pake, glavu juu, pedi za miguu chini, soksi zimekunjwa namna anayotaka yeye, si unavyotaka wewe. Saa 4 wanateleza mazoezi mepesi. Wakitoka unafua. Soksi na fulana zake zimefungwa kwenye kitanzi cha utepe chenye pini na namba yake, zinaingia mashineni hivyohivyo, zinatoka hivyohivyo. Usijaribu kuwa mwerevu ukazifungua. Nilizifungua siku ya kwanza ili zikauke vizuri, nikakaa saa nzima nikitafuta soksi za nani ni zipi.

Halafu kuna kunoa viatu. Watu wengi hudhani kiatu cha barafu ni kama kisu, kina makali mamoja. Chuma chake kina unene wa milimita 3 hivi, na chini kimechimbwa mfereji mwembamba kwa urefu wote, kwa hiyo kina makali mawili, la ndani na la nje. Jiwe la mashine ndilo linalochimba mfereji huo, nalo huumbwa kwa kalamu yenye ncha ya almasi. Mchezaji mzito mara nyingi anataka mfereji wenye kina kidogo ili ateleze vizuri. Mwepesi anataka wenye kina zaidi ili ashike barafu anapokata kona. Mzee alikuwa na kadi ya kila mtu ukutani. Muhimu kuliko yote ni kwamba makali mawili yawe sawasawa. Moja likiwa juu ya mwenzake kwa unene wa karatasi, mchezaji akiliegemea lile la chini, mguu unamponyoka. Ukimaliza unaweka juu yake kipande cha chuma kilichonyooka na kutazama kama kimekaa sawa au kimeinama. Sekunde 5 tu.

Nikiwa mdogo kulikuwa na mzee mwenye cherehe anapita mitaa yetu akinoa visu vya akina mama, na baada ya kila kisu alipitisha makali kwenye ukucha wa kidole gumba. Mzee wa huku alifanya vilevile. Niliona hivyo siku ya kwanza nikahisi niko mahali ninapopajua.

Cherehani ndiyo iliyoniweka mjini. Viganja vya glavu za hoki hutengenezwa kwa ngozi laini ili mchezaji alisikie gongo lake, na ngozi hiyo hutoboka haraka, hasa chini ya kidole gumba cha mkono wa juu. Glavu mpya ni pesa nyingi kwa timu ya ngazi yetu. Nilikuwa napasua uzi wa zamani, natoa kiganja kizima, nakikata kipya kwa kufuatisha kilekile, nashona kuanzia kwenye kifundo kuelekea vidoleni ili nikifika penye mkunjo ngozi isinivute. Ile ya kuanzia kifundoni alinifundisha mama kwa simu ya video, baada ya mimi kuharibu jozi mbili. Aliziangalia, akasema, "Mwanangu, unashona kama unafunga gunia. Anzia pasipokunjika." Na siku mchezaji anapoletwa saa 10 jioni kuziba nafasi ya aliyepandishwa, jina lake lazima liwe mgongoni saa 1. Nimeshona majina ya Kifini na Kicheki yenye herufi 12 huku timu ikiimbiwa wimbo wa taifa.

Msimu wa pili nilisaini mkataba, dola 550 kwa wiki, safari zote zikiwemo. Hapa nilifanya kosa la kwanza kubwa. Nilisaini palepale mezani kwa furaha. Sikuuliza mkataba unaisha lini, nao uliisha Aprili, wiki moja baada ya mechi ya mwisho, na kiangazi chote sikulipwa senti. Sikuuliza bima ya afya inaanza siku gani. Sikuuliza vifaa vya kazi ni vya nani, nikajinunulia mkasi, nyundo ya riveti na viatu vya kuvaa juu ya barafu kwa pesa yangu. Sikuuliza pa kulala. Wachezaji wana chama chao, PHPA, kilichowasainia mkataba wa pamoja na ligi, nyumba zao zipo humo. Sisi wa benchi chama hicho hakituhusu, kila mtu anajitetea mwenyewe. Kwa hiyo ukipewa karatasi, sema unaomba kulala nayo usiku mmoja. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kusema hivyo, na maswali hayo manne yaandike kabla hujarudi.

Msimu ni mechi 72, Oktoba hadi Aprili, na nyingi zimerundikwa mwisho wa wiki, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Wheeling, Kalamazoo, Toledo, Fort Wayne, zote kwa basi. Mkifika usiku, wachezaji wanakwenda kulala na nyinyi mnashusha mizigo: mabegi zaidi ya 20, magongo, mashine ya kunolea, kitanda cha mtabibu, masanduku ya vyuma vya akiba. Mgongo wangu haukuwa na tatizo nilipoanza. Sasa unao. Mtabibu aliniambia mapema ninyanyue kwa magoti na nivae mkanda, nikaona ananidekeza. Aliniambia pia nivae barakoa ninaponoa, kwa sababu ile vumbi ya chuma inaingia kifuani, na ninawe mikono kila ninapogusa vifaa vya mwingine, maana maambukizi ya ngozi husambaa vyumbani kama moto wa makuti. Hayo mawili nilimsikiliza.

Mtabibu huyu alinifundisha kazi hii inahusu nini. Kuna siku aliniketisha akanisimulia ya tarehe 22 Machi 1989, golikipa Clint Malarchuk wa Buffalo alipokatwa shingo na kiatu cha barafu. Mtabibu wa timu ile, Jim Pizzutelli, aliyekuwa mganga wa jeshi vitani Vietnam, alikimbia akaingiza vidole kwenye jeraha, akaubana mshipa wala hakuuachia. Malarchuk akaishi. "Ukiniona nakimbia," dada akaniambia, "kazi yako ni moja, nifungulie mlango wa benchi na unipishe." Tulifanya mazoezi ya kufungua mlango ule. Mlango tu, mara kwa mara, mpaka mkono ukazoea komeo.

Nilidhani ni habari za zamani. Tarehe 28 Oktoba 2023 Adam Johnson, mchezaji wa Nottingham, Mmarekani wa Minnesota mwenye miaka 29, alifariki kwa jeraha kama lile kwenye mechi kule Sheffield, Uingereza. Chumba chetu siku iliyofuata kilikuwa kimya kama cha matanga. Mzee alitafuta vikinga shingo kila duka, nikakiweka kimoja kwenye kila kiti. Wengine walivaa, wengine walilalamika joto, wakavikunja wakavirudisha. Kila siku nilivitandika tena, nikavishona upya kwenye kola za fulana ili visipande kidevuni. Msimu wa 2024–25 AHL ikavifanya vya lazima. Nilifurahi kuliko siku tuliyofuzu hatua ya mtoano.

Sasa lile lenyewe.

Ilikuwa Januari 2024. Tulifika kwenye mji wa mechi Ijumaa, saa 9 na dakika 40 usiku. Mzee alikuwa na homa, nikamwambia alale, kunoa nitamaliza mimi. Mashine ikisafiri kwenye basi, kishikio cha kiatu husogea kidogo kutoka katikati ya jiwe, na lazima ukirekebishe kabla ya kiatu cha kwanza. Nilirekebisha kwa macho. Nilinoa jozi 18. Kipande changu cha kupimia kilikuwa ndani ya sanduku lililokuwa chini ya masanduku mengine, nikasema mikono yangu inajua.

Kiatu cha kulia cha beki mmoja kijana, ambaye alikuwa hata mwezi hajamaliza na sisi, nilikipitisha ukucha nikahisi upande wa ndani umekaa juu. Nilihisi. Nikakigeuza, nikakitazama kwenye taa, kisha nikakiweka chini ya kiti chake.

Kipindi cha pili alirudi nyuma kumzuia mtu, akaegemea mguu wa kulia, ukamponyoka. Akakaa chini bila mtu kumgusa. Mpinzani akabaki na golikipa peke yao, bao. Kocha alimpigia kelele mbele ya wote kwamba hajui kusimama. Jumamosi hakupangwa. Jumapili hakupangwa. Alikaa jukwaani amevaa suti, na mimi nikapita mbele yake nikisukuma magongo, akanisalimia.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilijiambia huenda alikosea mwenyewe. Nilijiambia nikisema nitapoteza kazi, na nikipoteza kazi mama hatapata ile pesa ya mwezi. Yote yalikuwa kweli, lakini yeye naye alikuwa na mama, na alikuwa anabeba mzigo wangu bila kuujua. Benchi la watu wachache ndivyo lilivyo: kosa ukilificha halipotei, linamwangukia yule asiye na sauti ya kujitetea. Jumapili usiku, ndani ya basi, nilikwenda kukaa karibu na Mzee nikamwambia.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Ungeniambia palepale, ningebadilisha chuma kwa sekunde 20." Na ni kweli. Viatu vya siku hizi unabonyeza kitufe, chuma kinachomoka, unachomeka kingine. Tulikuwa na vyuma vya akiba vilivyonolewa vya kila mchezaji, kwenye sanduku nyuma ya benchi, hatua mbili kutoka niliposimama.

Akanipeleka kwa kocha kiti cha mbele. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema kiatu cha kulia nilikinoa vibaya, nilijua, nikakiacha. Kocha aliuliza tu ni kiatu gani na saa ngapi. Kisha akaenda nyuma akamwamsha yule kijana, tukasimama watatu kwenye kijia cha basi tukishikilia viti. Nikamwomba radhi. Alisema alijua ni kiatu tangu anaanguka. Hakusema kwa sababu mgeni akilalamikia vifaa, wanasema anatafuta visingizio. Kocha akamwambia, mbele yangu, kwamba yeye naye alikosea kumfokea bila kuuliza, na Ijumaa atacheza.

Alicheza. Mimi sikufukuzwa, ila kwa mwezi mzima Mzee alipima kila kiatu nilichonoa, na nilistahili. Nilinunua daftari. Kila kiatu, tarehe, nani kanoa, nani kapima. Nenda na daftari siku yako ya kwanza, usingoje kufundishwa na mtu aliyeanguka.

Machi ile ile mfungo wa Ramadhani ulianza tarehe 11, na jua la kule lilizama kama saa 1 na dakika 40, katikati ya kipindi cha kwanza. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu mtabibu aliniona nimeegemea ukuta, akauliza, nikamweleza. Kuanzia mechi iliyofuata, kwenye begi lake, kando ya bandeji, kulikuwa na tende na chupa ya maji yenye namba yangu. Yule beki ndiye aliyekuwa akitazama saa ya uwanja na kugonga mbao kwa gongo muda ukifika. Mkiwa mnafunga, waambieni mapema. Watu hawakatai, hawajui tu.

Kwa wanaotaka njia ya utabibu: huko Marekani siku hizi ni shahada ya uzamili, mtihani wa bodi, na karibu kila jimbo linataka leseni yake, kwa hiyo anza kupanga karo mapema. Njia ya vifaa haina shahada. Inahitaji mikono, na mtu wa kukufundisha. Nendeni uwanja wowote wa barafu wa mjini mkaombe kunoa viatu vya kukodisha, hata kwa saa mbili za Jumamosi. Watunza vifaa wana chama chao, SPHEM, na watabibu wana PHATS, na kila mwaka hukutana pamoja. Huko ndiko kazi zinakosikika kabla hazijatangazwa. Kwa wa Nairobi, Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walipokwenda Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kila mtu alitazama wachezaji. Viatu vile kuna mtu alivinoa. Anayejua kunoa na kushona hapo Panari ana kazi tangu leo, hata kama bado haina mshahara.

Niliacha kwa sababu ya mgongo na kwa sababu ya viangazi viwili bila kipato. Sina kinyongo na timu. Sasa nina kibanda cha kushonea, cherehani mbili na mashine ndogo ya kunolea, na kazi nyingi zinakuja kwa posta. Wiki iliyopita lilikuja boksi kutoka kwa yule beki, bado anacheza. Ndani kuna glavu jozi moja na karatasi yenye salamu kwa Mama. Kiganja cha kulia kimetoboka palepale chini ya kidole gumba. Nimeshafumua uzi. Kesho naanzia kifundoni.